Simu Nayo Ni Mlango wa Nyumba



Kila jioni baba wa jamaa mwenye akili huzunguka nyumba yake kabla ya kulala. Hutazama komeo, hufunga dirisha, huuliza kama kuku wameingia na kama moto wa jikoni umezimwa. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Alimwona baba yake akifanya hivyo, na baba yake alimwona babu. Lakini mlango mmoja husahauliwa. Mlango huo hulala juu ya meza au chini ya mto, na taa yake ndogo huwaka usiku kucha. Mlango huo ni simu. Kwa njia yake feza za nyumba huingia na kutoka. Kwa njia yake hupita habari za ndugu walio Kindu, Lubumbashi au Ulaya. Na humo ndani zimewekwa hata picha za ubatizo wa watoto. Mwizi wa siku hizi haogopi mbwa wala komeo. Huja kwa mlango huo, tena hupiga hodi kwa adabu nyingi.

Mtume Petro alipowaonya Wakristo juu ya shetani aliwapa mfano wa simba. Mwizi wa simu hafanani na simba hata kidogo. Hangurumi. Hukuita «mama» au «papa», hukutaja kwa jina lako la ubatizo, hukuuliza habari za watoto, na huomba radhi kwa kukusumbua. Ndiyo sababu watu wengi wenye busara, watu ambao hawangedanganywa sokoni hata kwa franka mia mbili, hudanganywa na sauti ya mtu wasiyemwona.

Mama mmoja wa shirika letu, hapa Bukavu, huuza sambaza katika soko la Kadutu. Mume wake hufanya kazi mbali na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa miezi mingi mama huyo alikuwa akiweka feza kidogo kidogo ndani ya simu, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa katika mwaka wa mwisho, ili alipe feza za mtihani wa Serikali. Siku moja, mchana, wakati wa wanunuzi wengi, simu ililia. Mtu alisema yeye ni wa kampuni ya simu. Alilijua jina lake kamili, naye mama akasadiki, maana aliwaza: «Mtu baki angelijuaje?» Kumbe jina si siri hata kidogo. Mtu yeyote akitaka kutuma feza kwa nambari fulani, mara nyingi mashini yenyewe humwonyesha jina la mwenye nambari ile kabla hajathibitisha. Mwizi alikuwa amelisoma hapo tu.

Yule mtu akasema: «Mama, hesabu yako itafungwa leo saa tisa kama hatuithibitishi. Bonyeza nitakavyokuambia.» Mama akabonyeza huku mkono mmoja ukipima sambaza. Mwisho akaombwa atie nambari yake ya siri, akaitia. Aliwaza kwamba anathibitisha hesabu. Kwa kweli alikuwa anatuma feza. Nusu ya akiba yake ilikwenda.

Lakini hapo habari haijafika mwisho, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mama hakumwambia mtu. Aliona haya. Alimwogopa mume wake, aliogopa maneno ya majirani, alimwogopa hata binti yake. Siku ya pili yule mwizi, ambaye anajua vizuri sana kazi ya haya katika moyo wa mtu, akapiga simu tena. Akasema: «Feza zako hazijapotea, mama. Zimekwama tu. Tia nyingine, zote zitarudi pamoja.» Naye akatuma zilizobaki, akakopa za jirani juu yake. Aliposema hatimaye, siku ya nne, ilikuwa kwa sababu jirani alidai deni lake. Kwenye ofisi ya kampuni walimwonyesha kwamba feza zote zilikuwa zimekwisha kutolewa, sehemu ya kwanza na ya pili. Tarehe ya kulipa ikapita. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima, akiuza sambaza kando ya mama yake. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili. Aliandika Kifaransa kizuri kupita wenzake wote.

Mume aliporudi alifanya nini? Alimnyang'anya mke wake simu. Watu wengine wa shirika walimsifu. Mimi siwezi kumsifu. Mama muuzaji asiye na simu ni kama mvuvi asiye na wavu, na mwizi hakuingia kwa sababu mama ni mwanamke. Aliingia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemweleza njia zake. Tena baba huyo, ambaye sasa ameshika simu mbili, nambari yake ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Watoto wote wa uani waliijua.

Basi, kama mngeniuliza amri ya kwanza ya ulinzi nyumbani ni ipi, singeanza na mashini. Ningesema hivi: katika nyumba yenu, yeyote aliyedanganywa aseme saa ileile, na asipigwe wala asitukanwe. Awe mke, awe mtoto, awe bibi mzee, awe baba mwenyewe, maana baba naye hudanganywa, ila yeye huficha vizuri zaidi. Mwizi huhitaji muda, na haya yetu ndiyo humpa muda. Kampuni ikiarifiwa mara moja, wakati feza bado ziko ndani ya hesabu ya yule aliyezipokea, mara nyingine huweza kuzizuia. Zikiisha kutolewa mikononi, kazi huwa ngumu sana.

Sasa tuseme juu ya nambari ya siri. Nambari yenye tarakimu nne yaweza kupangwa kwa namna 10,000, tangu 0000 hadi 9999. Mwizi akijaribu moja moja, mashini itamfungia baada ya makosa machache. Kwa hiyo nambari fupi namna hii si ulinzi mbaya. Lakini mtu akichagua mwaka wa kuzaliwa, hesabu hubadilika kabisa: tangu 1950 hadi 2009 ni miaka 60 tu, na anayekufahamu hahitaji hata 60, atajaribu mbili au tatu. Hivyo hivyo 1234 na 0000. Chagueni nambari isiyo na habari yoyote ya maisha yenu. Na kisha shikeni neno moja lisilo na ruhusa ya kuvunjwa: nambari ya siri haitajwi kwa mtu awaye yote kwa simu. Wafanya kazi wa kweli wa kampuni hawaiulizi. Hata yule kijana wa kabini chini ya mwavuli, mtu mwema anayewasaidia wazee kila siku, asiitie yeye. Mzee atie mwenyewe, hata kama vidole vyake vinatetemeka na mstari nyuma yake ni mrefu. Watu wangojee.

Kuna na hila nyingine inayofanana na hiyo. Ujumbe unafika: umepokea franka kadha wa kadha. Dakika mbili baadaye mtu anapiga simu akilia: «Nimekosea, papa, nilikuwa namtumia mgonjwa, unirudishie.» Mkristo ana huruma, anarudisha. Kumbe ujumbe ule uliandikwa na mwizi kwa mkono wake mwenyewe, ukavikwa maneno ya kampuni, na hakuna kitu kilichoingia. Basi msisadiki ujumbe. Fungueni orodha ya huduma ya feza ninyi wenyewe na kutazama salio. Na hata kama feza zimeingia kweli kwa makosa, mwambieni aende kwa kampuni yake arudishiwe kwa njia ya sheria. Huruma haivunjwi kwa kungoja nusu saa.

Feza za simu si jambo la zamani sana. M-Pesa ilianza kule Kenya mwaka 2007, na kwetu Kongo ilifika mwaka 2012. Babu zetu walikuwa na miaka mingi ya kujifunza hila za mchuuzi na mzani wake. Sisi tumepata miaka michache tu ya kujifunza hila za mlango huu mpya. Nasema hayo ili wazee wasivunjike moyo.

Sasa WhatsApp. Vijana watacheka kwamba mwalimu anataka kuwaeleza WhatsApp, lakini katika vikundi vya kwaya na vya wazazi nimekwisha kuona hesabu nyingi zikitekwa kwa njia moja tu, nayo ni nyepesi ajabu. Mwizi anaandika nambari yako ndani ya simu yake. Programu, ili kujua kama nambari ni yake, inatuma tarakimu sita kwa ujumbe. Lakini ujumbe huo unafika kwako wewe, si kwake. Ndipo anakuandikia, mara nyingi kwa jina la rafiki yako ambaye yeye naye alitekwa jana: «Dada, nimetuma kwako tarakimu sita kwa makosa, zinahusu orodha ya mafungo ya kiroho, unirudishie tafazali.» Ukizituma, umempa ufunguo. Wewe unatupwa nje, naye anabaki ndani akiwaandikia ndugu zako wote: «Niko hospitali, nikopesheni dola hamsini.» Watamtumia, kwa sababu wanakupenda. Ndiyo maana naona wizi huu ni mbaya kuliko wa kuku: unachuma matunda ya mapendo ya watu wengine.

Dawa ipo tangu mwaka 2017, nayo haina bei. Ndani ya Mipangilio, chini ya Akaunti, kuna mahali paitwapo uthibitisho wa hatua mbili. Unaweka pale nambari yako nyingine ya tarakimu sita, ambayo haitumwi kwa ujumbe bali hukaa kichwani mwako. Toka hapo, hata mwizi akizipata zile tarakimu za ujumbe, mlango wa pili umefungwa. Tazameni pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mkiona kompyuta msiyoijua, iondoeni. Na mtu akitekwa, asikae kulia: afungue programu upya kwa nambari yake, aombe tarakimu mpya, azitie, na yule mwingine atatoka. Kama mwizi alikuwa amekwisha kuweka nambari yake ya hatua ya pili, itabidi kungoja siku 7. Katika siku hizo wapigieni ndugu kwa sauti, mmoja mmoja, mkawaonye.

Kwa hesabu nyingine, kama za barua za intaneti na Facebook, kuna maneno ya siri. Historia yake huchekesha. Katika kompyuta, maneno hayo yalianza kutumika katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mashini moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi pamoja chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Na mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, akitaka kuitumia mashini ile kwa saa nyingi kuliko alizopewa, alipata njia ya kuchapisha orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake! Mlango haujawa na umri wa miaka mitatu, mwizi wa kwanza ameingia, naye alikuwa mtu wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Neno zuri la siri si lile lenye alama za ajabu ambalo mtu husahau kesho. Ni refu. Chukueni maneno manne yasiyohusiana, mawili ya Kiswahili na mawili ya lugha ya nyumbani, iwe Mashi, Kilega au Kitembo, myaunganishe. Msichukue mwanzo wa sala inayojulikana, wala jina la mtakatifu msimamizi wenu na mwaka wa komunyo ya kwanza. Mwizi wa Kikatoliki naye yupo. Na kila hesabu kubwa iwe na neno lake. Kwa maana mwizi akiiba neno katika mahali padogo pasipolindwa, hulijaribu mara moja katika barua zenu, na barua ndiyo mama wa funguo zote: huko ndiko hutumwa maneno mapya wakati ya zamani yamesahauliwa.

Hapa wengi huuliza: je, ni zambi kuyaandika katika daftari? Walimu wengine wa kompyuta hukataza kabisa. Mimi nakubali, kwa masharti. Mwizi aliye Kinshasa au ng'ambo hawezi kusoma daftari lililo ndani ya sanduku la mama chini ya vitenge. Yeye anategemea neno jepesi mnalolirudia kila mahali. Kwa hiyo neno refu lililoandikwa na kufichwa vizuri hushinda neno jepesi lililo kichwani. Ila daftari lisitembee sokoni, lisipigwe picha kwa simu, na nambari ya siri ya feza isiwemo. Katika daftari hilohilo andikeni na namba ya utambulisho wa simu yenyewe: bonyezeni *#06#, mtaona tarakimu 15. Simu ikiibwa, namba hiyo huonyesha kwamba ni yenu. Na tafazali, kadi ya simu iandikishwe kwa jina lenu na kwa kitambulisho chenu. Wangapi wanatumia kadi iliyoandikishwa na kijana wa barabarani kwa jina la mtu wasiyemjua? Siku ikipotea, pamoja na feza zilizomo, wataendaje kuidai? Mtandao wa simu ukipotea kwenu peke yenu, na majirani wanao, msingojee kesho: huenda mtu ameomba kadi mpya kwa nambari yenu. Nendeni ofisini siku hiyo.

Jambo la kufanya upya programu huwachosha watu wa kwetu, na sababu naielewa: megabaiti hununuliwa. Simu husema «fanya upya», mtu hujibu «baadaye», na baadaye haifiki. Lakini sikieni. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga maandishi yote ya kompyuta na kudai malipo, dola 300 kwanza. Huko Uingereza hospitali nyingi zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Na komeo la kuizuia lilikuwa limekwisha kutolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 14 mwezi wa tatu, karibu miezi miwili mbele! Wengi walikuwa hawajalitia. Basi wekeni siku moja kwa mwezi, mahali penye intaneti isiyo ya kununua, mfanye kazi hiyo. Msichukue programu zinazogawanywa mkono kwa mkono, hasa zile WhatsApp za bandia zenye rangi nyingi ambazo vijana huzisifu. Aliyezitengeneza hajulikani, naye mmemkabizi barua zenu zote.

Na mwenye simu ndogo ya vibonyezo asijione maskini. Jamaa moja naijua inayoweka feza zote katika simu ya namna hiyo, na ile kubwa ya picha hubaki kwa mazungumzo na masomo ya watoto. Hila za maneno humfikia hata mwenye simu ndogo, lakini milango iliyo wazi ni michache. Naona wamefanya vizuri sana.

Sasa nawageukia wazazi wa vijana, na hapa lazima kusema jambo ambalo katika nyumba zetu halisemwi mezani. Kuna watu wanaojifanya wasichana wazuri kwenye intaneti. Humsifu kijana wa miaka kumi na mitano, humtumia picha, kisha humwomba picha yake isiyo ya heshima. Akiituma, sauti hubadilika saa hiyohiyo: «Lipa, ama baba yako, padri wako na shule yako yote wataiona.» Kijana anayepata barua kama hiyo usiku anaweza kufikiri kwamba maisha yake yamekwisha. Katika nchi nyingine wako waliojiua kwa ajili hiyo. Mwalimu akiona mwanafunzi mchangamfu amenyamaza mara moja, hali, anatazama simu kila dakika, amwite kando kwa upole.

Kosa la mtoto na kosa la mwizi si kitu kimoja. La kwanza, kama kuna zambi, lina mahali pake, kwa baba wa kiroho katika kitubio. La pili ni uhalifu, na sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaazibu makosa yanayotendwa kwa njia ya mashini hizi. Msimlipe mwizi, maana anayelipwa mara moja hurudi. Msimjibu. Msifute ujumbe wala nambari yake kabla ya kuvihifazi, maana ndiyo ushuhuda. Kisha mzuieni. Baba, kabla ya kuuliza «Kwa nini ulifanya?», sema kwanza: «Tuko pamoja.» Maneno mengine yatafuata kwa wakati wake.

Sisemi vijana wanyimwe intaneti. Carlo Acutis, aliyekufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitengeneza kwa kompyuta maonyesho ya miujiza ya Ekaristi, na Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 mwezi wa tisa 2025. Lakini yeye naye alijiwekea kipimo cha saa za kucheza.

Imebaki hila moja, ambayo nafikiri itatusumbua kuliko zote: sauti. Wengi wenu mlikwisha kuona, katika mwezi wa tatu wa mwaka 2023, picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la baridi. Watu wa nchi nyingi walisadiki. Hakulivaa kamwe, picha ilitengenezwa na programu iitwayo Midjourney. Leo mashini huweza kuiga hata sauti ya mtu, zikiwa zimesikia maneno yake machache tu. Kesho mtoto wenu aliye masomoni atapiga simu akilia, na sauti itakuwa yake, lakini yeye yuko darasani anaandika hesabu.

Someni tena sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo. Mzee Isaka hakuwa mjinga. Hakuona, lakini aliuliza, akapapasa, akanusa; alifanya majaribio zaidi ya moja, tena alishangaa kwa nini sauti ni ya Yakobo. Alidanganywa kwa sababu majaribio yake yote aliyafanya juu ya mtu yuleyule aliyesimama mbele yake. Hakumtuma mtumishi porini kumtafuta Esau. Basi, mtu akipiga simu na kusema ni mwana wenu, msimpime kwa kumuuliza zaidi katika simu ile. Kateni. Piganeni ninyi wenyewe kwa nambari mnayoijua tangu zamani, au ulizeni mwenzake, mwalimu wake, jirani yake. Akisema «Msikate, nitakufa,» hapo hasa ndipo pa kukata.

Na jamaa iwe na neno lake. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 12, kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyolinda vivuko vya Yordani: kila aliyetaka kuvuka alitakiwa kusema «shibolethi», na Waefraimu, kwa sababu ya ulimi wao, walisema «sibolethi», wakauawa, watu 42,000. Ni habari ya kutisha. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mtu kutambuliwa kwa ulimi wake kizuizini. Lakini neno linaloweza kuua linaweza pia kulinda. Yule mama wa sambaza, mume wake na watoto wao wamechagua moja, jioni moja baada ya rozari. Si jina la mtu wala la mji. Binti ndiye aliyelitunga. Mwaka uliofuata alikubaliwa kufanya mtihani, shirika likichanga sehemu ya feza. Anayeomba feza kwa simu, hata akiwa baba mwenyewe, asipolisema hapati hata franka moja, wala hakasiriki.

Wanafunzi wangu waliposikia waliniuliza: «Mwalimu, na kama mtu mwingine akilisikia neno hilo?» Jibu ni jepesi. Neno likisemwa mara moja ndani ya gari au sokoni, mbele ya watu, jioni hiyohiyo linabadilishwa, nalo jipya linasemwa kwa mdomo, nyumbani, bila kuandikwa katika simu.